Kambi ya Watoto Karibu na North Berwick

Katika Kiswahili chetu neno kambi halina furaha nyingi. Tuna kambi za jeshi, kambi za wakimbizi, kambi za wagonjwa wa kipindupindu, na sisi wa rika langu tuna kambi za Jeshi la Kujenga Taifa, ambako tuliamshwa kwa filimbi tukakimbizwa mchakamchaka kabla jogoo hajajua kwamba kumekucha. Mimi nilipita JKT mara baada ya kuhitimu Chuo cha Ualimu Mpwapwa mwaka 1970, wala sina neno baya la kusema juu yake. Nilijifunza kulima, kutandika kitanda na kula haraka. Lakini mtu angeniambia wakati ule kwamba iko nchi ambako mtoto wa miaka 11 huhesabu siku kwenye kalenda akingoja kupelekwa kambini, ningemwona mzushi.

Nchi hiyo ni Uskoti, na mji ninaotaka kuuzungumzia ni North Berwick, mji mdogo wa pwani ulio kiasi cha kilomita 35 kutoka Edinburgh, upande wa mashariki, pale Ghuba ya Forth inapokutana na bahari kuu. Nilifika Edinburgh Septemba 1975 kusoma kozi ya walimu kutoka nchi za nje katika Chuo cha Ualimu cha Moray House, ambacho tangu 1998 kimekuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Edinburgh. Nilikuwa na miaka 25, sijaoa, na koti langu la baridi lilikuwa la kuazima. Juni 1976, wenzangu wenye fedha walipoanza kuzungumza habari za London na Paris, mimi niliona tangazo ubaoni: wanatakiwa watu wazima wa kusaidia katika kambi ya wavulana wa miaka 10 hadi 14, majuma mawili, chakula na malazi bure, malipo hakuna. Nilisoma yale maneno ya chakula bure mara mbili, kisha nikaenda kujiandikisha.

Waskoti wana historia ndefu katika jambo hili. Mwaka 1883, mjini Glasgow, mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili aitwaye William Alexander Smith alianzisha chama cha vijana wa kiume, Boys' Brigade, na mwaka 1886 akawapeleka vijana wake kambini Tighnabruaich, kijiji cha pwani ya magharibi. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 20 kabla Baden-Powell hajawapeleka wa kwake kisiwani Brownsea mwaka 1907. Mwaka 1939 serikali nayo ilipitisha sheria ya makambi, na Uskoti ikajengewa kambi tano za mbao ili watoto wa mijini wakapate hewa safi. Vita vilipoanza mwaka huohuo zikawa makazi ya watoto waliohamishwa kukimbia mabomu. Kambi yetu haikuwa ya chama wala ya serikali. Iliendeshwa na walimu wachache na wazazi wachache wa Edinburgh, mahema yalikuwa ya kuazima, na shamba lilikuwa la mkulima mmoja wa viazi na shayiri karibu na kijiji cha Dirleton, ambaye hakutaka kodi wala shukrani. Alitaka tufunge lango ili ng'ombe wake wasitoke.

Tulikwenda kwa treni kutoka kituo cha Waverley, tukapita Prestonpans, ambako hapo kale walichemsha maji ya bahari kupata chumvi, kisha Longniddry, kisha Drem, na mwisho wa reli ndipo North Berwick. Watoto walikuwa 48. Walitoka katika majumba ya serikali ya pembezoni mwa jiji, majumba ya ghorofa ya saruji yenye ngazi zinazonuka mkojo, na baadhi ya baba zao hawakuwa na kazi. Bahari waliijua ile ya Portobello, ya kwenda na kurudi kwa basi siku ya Jumapili. Kulala kando yake hawakuwahi. North Berwick kwa upande wake ni mji wa wenye nacho; wana viwanja vya gofu na nyumba za mawe zenye bustani, na matajiri wamekuwa wakija kupumzika pale tangu reli ilipofika. Tulipowapanga watoto wetu wawiliwawili kutoka stesheni, mabibi waliokuwa na vijibwa vyao walisimama kututazama, na sijui walishangaa zaidi kuona nini, wale watoto au mimi.

Kutoka shambani ulikuwa unapita kwenye vichaka vya miiba, unapanda vilima vya mchanga, na mara bahari yote iko mbele yako. Kisiwa cha Fidra kiko karibu sana, kina mnara wa taa uliojengwa 1885. Upande wa mashariki unaona mlima mmoja wa North Berwick, wenyewe huuita Law, mita 187, na kileleni palikuwa na mifupa miwili ya taya la nyangumi iliyosimamishwa kama lango. Tuliupanda mlima huo siku ya nne, na mtoto mmoja alibishana nami njia nzima kwamba nyangumi hana taya. (Mifupa ile iliondolewa 2005 kwa kuoza, na tangu 2008 pamesimama mfano wake wa kutengeneza.) Mbali zaidi, kama jino limeota baharini, liko jabali la Bass, zaidi ya mita 100 kwenda juu, jeupe upande mmoja. Nilidhani weupe ule ni chokaa. Kumbe ni ndege na vinyesi vyao. Maelfu kwa maelfu ya ndege wa baharini weupe wenye ncha nyeusi za mabawa, ambao wataalamu wamewapa jina la Kilatini kutokana na jabali hilo. Mwaka 2014 zilihesabiwa jozi zaidi ya 75,000, kundi kubwa kuliko yote ya ndege hao duniani, kisha mwaka 2022 homa ya mafua ya ndege ikawapiga, na hesabu ya mwaka uliofuata ikaonyesha kwamba zaidi ya robo wametoweka. Habari hiyo iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Lakini Fidra ndiyo iliyonishangaza. Nilipokuwa darasa la sita Pangani, mwalimu wetu alikuwa na nakala moja ya Kisiwa Chenye Hazina, kitabu cha Robert Louis Stevenson kilichotafsiriwa kwa Kiswahili, naye alitusomea kidogokidogo kila Ijumaa. Kwangu kisiwa kile kilikuwa karibu na Pemba. Maharamia walizungumza Kiswahili, sasa wangetoka wapi kwingine? Basi jioni ya kwanza kiongozi wa kambi akaninyooshea kidole: huyu Stevenson, alisema, alizaliwa Edinburgh, utotoni alikuja kupumzika North Berwick, na mnara ule umejengwa na jamaa zake, maana ukoo wao ulikuwa wa wahandisi wa minara ya taa. Wenyeji husema ramani ya hazina aliitoa pale. Nilikaa mchangani nikakitazama kisiwa kile kwa muda mrefu.

Maisha ya kambini sitayaeleza yote. Mahema yalikuwa ya duara, nguzo moja katikati, watoto sita sita, miguu ikikutana kwenye nguzo. Asubuhi ni uji wa shayiri, nao Waskoti hasa huutia chumvi, si sukari, jambo ambalo nililikubali haraka kuliko wale watoto. Vyoo vilikuwa vya shimo, tulivyochimba wenyewe, na hapo nilikuwa bingwa. Katika watu wazima saba mimi peke yangu ndiye niliyejua shimo linakwenda kina gani na majivu yanamwagwa lini. Watoto walilazimishwa kuoga baharini kila siku. Maji yale ni ya baridi ya kukata pumzi hata mwezi wa saba, na kwa kuwa nilikuwa nimetangazwa kwamba natoka pwani, sikuweza kukataa kutangulia. Kiangazi kile cha 1976 Waingereza wanakikumbuka hadi leo kwa joto na ukame wake. Kwangu kilikuwa kama asubuhi ya Lushoto.

Mpishi wetu alikuwa mama mmoja mjane, mfupi, mwenye mikono kama ya mwashi. Siku ya pili aliona sigusi soseji, akaniuliza kwa nini, nikamwambia mimi ni Mwislamu. Hakusema neno. Tangu hapo sahani yangu ilikuja na mayai, na ilikuja ya kwanza, isichanganyike na nyingine. Usiku wa Julai kule haufiki kuwa usiku. Jua huzama karibu na saa nne, na mbingu ya kaskazini inabaki na weupe hadi alfajiri, nami nilihangaika isha niiswali saa ngapi. Mama yule akawa ananiachia chai kwenye chupa, akisema anayengoja giza Uskoti mwezi wa saba atakuwa anahitaji chai.

Watoto waliniita Mista Tanga, kwa sababu Tanzania lilikuwa neno refu. Siku mbili za kwanza waliniuliza kila ambacho mtoto huuliza: kama rangi hutoka kwa sabuni, kama tuna simba nyumbani. Mmoja aliniita jina baya, akiwa amelisikia kwao, na mwenzake akampiga ngumi kabla sijafungua mdomo. Baada ya hapo ikaisha. Mtoto akishakuona unachimba choo, hana la kuogopa tena kwako.

Sasa nimzungumzie kiongozi wa kambi. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa miaka kama 40, mrefu, mwenye sauti ya kufika mwisho wa uwanja. Baadhi ya watoto wale walikuwa wanafunzi wake. Katika shule za Uskoti wakati ule adhabu ilikuwa mkanda: kipande cha ngozi nene kilichopasuliwa ncha mbili au tatu, na mikanda mashuhuri ilitengenezwa katika mji wa Lochgelly, ng'ambo ya pili ya ghuba. Mtoto alinyoosha mikono mbele, kiganja kimoja juu ya kingine, na kupigwa viganjani. Nilikwisha kuona hayo katika mafunzo ya vitendo mjini, na kwa kuwa nilitoka katika nchi ya fimbo sikushangaa. Nilichoshangaa ni ufundi wa ngozi ile. Usiku wa kwanza kiongozi alituambia sisi wasaidizi kwamba kambini hapigwi mtu. Mkanda wake, alisema, uko kwenye mtoto wa meza mjini, na ufunguo ameuacha hukohuko. Kesho yake aliwaambia watoto maneno hayohayo. Niliwatazama nyuso zao. Hawakumwamini.

Nami ninaona walikuwa na haki kutomwamini, kwa sababu sauti ilikuwa ileile. Lakini siku hadi siku walilegea. Mtu yuleyule aliyewapa sifuri kwa kalamu nyekundu sasa alikuwa amekunja suruali anatafuta kaa nao, na alikuwa hodari wa kaa. Jioni tulikaa kuzunguka moto, na zamu yangu ilipofika niliwasimulia Kisiwa Chenye Hazina. Wengi hawakuwa wamekisoma. Niliwasimulia kwa Kiingereza changu cha Mpwapwa, nikifasiri kutoka Kiswahili cha mwalimu wangu wa Pangani, na kisiwa chenyewe kikiwa pale nyuma yetu. Kila usiku niliwaachia mahali pa hatari. Usiku ule wa Jim kujificha ndani ya pipa la matofaa, akisikia wabaya wakipanga kuua, hakuna aliyetaka kwenda kulala. Walitaka kujua alikaaje kimya vile, hakukohoa, hakupiga chafya? Kati yao alikuwapo mtoto mmoja mwembamba wa miaka 11, aliyevaa buti za mpira za kaka yake, kubwa mno kwake. Yeye hakuuliza kitu. Huyo alikuwa wa darasa la kiongozi wetu.

Siku ya tisa ilikuwa ya joto hasa. Alasiri bahari ilikupwa mbali sana hata majabali ambayo hatukuwahi kuyaona yakatoka nje yamevaa mwani. Watoto waliruhusiwa kwenda kuokota kaa na konokono, kwa sharti wasivuke safu ya tatu ya mawe. Kiasi cha saa kumi niliona upande wa bahari kuu kitu kama ukuta mweupe. Wenyeji wanao jina lao la ukungu huu wa pwani ya mashariki. Hutokea hewa ya joto inapopita juu ya bahari baridi, na hauji kwa kushuka kama ukungu wa milimani kwetu. Unatembea juu ya maji. Fidra ilipotea, mnara na yote. Halafu ikapotea safu ya tatu ya mawe. Baridi ikaingia kama mtu amefungua mlango. Kutoka upande wa Bass ikaanza kulia honi ya ukungu.

Filimbi ikapigwa, watoto wakaja mbio, tukawahesabu. Walikuwa 47.

Kiongozi alianza kuita. Aliita jina la yule mtoto wa buti, jina na jina la ukoo, kama katika kuita mahudhurio, kwa sauti ile yake. Kimya. Akasogea mbele akaita tena. Mimi nilikwenda kuangalia maji, maana hilo nalijua tangu nikiwa mtoto: bahari inapojaa kwenye mchanga wenye majabali haiji kutoka mbele peke yake. Hutangulia kupita kwenye mikondo, ikajaza nyuma yako kwanza, na aliye juu ya jiwe huona mbele yake pakavu wakati njia ya kurudi imekwisha kufungwa. Pangani tumezika watu kwa sababu hiyo. Mkondo kati yetu na mawe ulikuwa tayari umefika magotini na unakwenda kasi. Nikarudi nikamwambia kiongozi: nusu saa.

Akaita kwa nguvu zaidi. Mtu akiita kwa hofu na mtu akiita kwa hasira, ukiwa mbali, huwezi kuwatofautisha. Nasi wengine tukaanza kuita, kila mmoja mahali pake, na katika ukungu sauti zilitoka pande zote, hata mimi sikujua nani yuko wapi. Wakati huo ndipo mpishi alipofika kutoka mahemani, aproni yake bado kiunoni. Alikuwa amebeba sufuria kubwa ya supu na upawa.

“Acheni kumwita,” alisema. “Mnamtisha.”

Kiongozi akafungua kinywa, naye akamwambia anyamaze, hivyo hivyo, kama anavyoambiwa mtoto. Tukanyamaza sote. Akasimama ukingoni mwa maji akaanza kupiga sufuria, taratibu, kama alivyopiga kila jioni kuwaita watoto kula. Anapiga, anangoja. Anapiga tena. Honi ya Bass inalia, yeye anangoja imalize, anapiga. Sikuwa na saa. Nilikuwa na maji tu ya kutazama, na maji yalikuwa yakipanda.

Tulianza kusikia buti kabla ya kumwona. Sauti ile ya mpira uliojaa maji. Alikuwa ng'ambo ya mkondo, karibu kabisa, pengine hatua 40, nyuma ya jabali. Nikaingia. Maji yalinifika mapajani yakanivuta, na baridi yake siwezi kuieleza kwa Kiswahili, lugha yetu haikuhitaji neno hilo. Nikamweka mgongoni. Alikuwa mwepesi kama mtoto wa miaka saba na alitetemeka hata meno yangu nami yakatetemeka. Katikati ya maji akaninong'oneza sikioni:

“Mista, amekuja nao?”

“Nini?”

“Mkanda.”

Nikamwambia hapana, uko mjini. Akanyamaza, kisha akasema alikuwa amevuka safu ya tatu.

Alikuwa amesikia kila tulipomwita. Tangu mwanzo. Alikaa kimya nyuma ya jiwe lake huku maji yakimzunguka, akipima ubaya gani ni mdogo.

Mpishi alimpa supu, akamvua buti, akamfunika blanketi mbili, na hapakuwa na hotuba. Usiku, watoto walipokwisha kulala, nilimweleza kiongozi aliyoyasema yule mtoto. Alinitaka nirudie, neno kwa neno, kama ushahidi. Halafu akaniuliza: ile nusu saa, nilikuwa na hakika nayo? Nikamwambia nusu saa au pungufu. Akatikisa kichwa akaenda kukagua kamba za mahema, ambazo zilikwisha kukaguliwa. Kesho yake tuliona nguzo imechimbiwa ufukweni na sufuria imetundikwa juu yake. Tangu hapo hakuna mtoto aliyeitwa kwa jina kutoka majini.

Nilirudi Julai 1977. Watoto wengine, mpishi yuleyule, na sufuria ilikuwa nguzoni tangu siku ya kwanza. Nikamuuliza kiongozi kama huko shuleni bado anatumia mkanda. Akasema anao. Akasema kambini ana watoto 48 na bahari, lakini darasani ana watoto 38, kengele na mtihani, na kwamba mwalimu akiweka mkanda chini peke yake, wenzake wote wakiwa nao, ataliwa mzima. Nilimwelewa. Hadi leo namwelewa, ingawa rafiki zangu wa haki za watoto hawapendi nikisema hivyo. Wao hawajasimama mbele ya darasa la watoto 90, na wanaotetea fimbo hawajawahi kumbeba yule mtoto mgongoni. Mimi nimefanya yote mawili, na siwezi kuwaridhisha.

Mkanda haukuondolewa na walimu. Mama wawili wa Uskoti waliishtaki serikali ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na Februari 1982 mahakama ikasema kwamba imani ya mzazi asiyetaka mtoto wake apigwe lazima iheshimiwe. Bunge likatunga sheria mwaka 1986, na kufikia Agosti 1987 mikanda ikawa imekatazwa katika shule zote za umma. Siku hizi, nimeambiwa, ile ya Lochgelly hununuliwa na wakusanyaji wa vitu vya kale.

Kwetu, kanuni zinaruhusu fimbo hadi leo. Zile za 2002 zinasema zisizidi nne, apige mkuu wa shule au aliyemwidhinisha kwa maandishi, na iandikwe katika daftari. Nilikuwa mwalimu mkuu kwenye pwani ya Tanga kuanzia 1986 hadi nilipostaafu 2010, na kwangu fimbo ilikaa kabatini pamoja na daftari lake. Lakini kila mwaka kuanzia 1988, mashamba yakiisha kuvunwa, niliwapeleka darasa la sita ufukweni siku tano, wavulana upande huu na wasichana upande ule na walimu wao wa kike. Kamati ya shule ilikataa mara mbili. Mzee mmoja aliniuliza watoto wa wavuvi wanapelekwa baharini kujifunza nini, swali zuri, nami nikamjibu kwamba hawaendi kujifunza bahari, wanakwenda sisi walimu tujifunze wao. Akauliza bila fimbo nitawashikaje. Nikamwonyesha sufuria. Alicheka hadi akakohoa, lakini alipiga kura ya ndiyo.

Yule mwalimu wa hesabu tuliandikiana kwa miaka, barua moja au mbili kwa mwaka. Aliniambia mtoto wa buti amekua, yuko Aberdeen, anafanya kazi kwenye mitambo ya mafuta katikati ya Bahari ya Kaskazini. Mwishoni mwa 1987 aliandika kwamba amestaafu mapema, na akauliza kama ninaweza kumpatia kile kitabu cha Kiswahili nilichokuwa nikikitaja kwenye moto. Haikuwa rahisi, nilikipata kwa mwalimu mstaafu mjini Tanga, jalada limeliwa na mende, naye aliniuzia kwa bei ya mbuzi. Nikakituma kwa meli. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano. Alisema amekiweka rafuni kando ya kile cha Kiingereza, na kwamba amegundua Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa, kwa hiyo wajukuu wake wakija huwasomea kurasa nzima kwa sauti, haelewi hata neno moja, nao huanguka kwa kicheko na kumwambia aendelee.